Kutu na madoa mengine kwenye tanga: yatolewe vipi bila ya kukidhoofisha kitambaa?

Mwenye Mashua (Tumbe, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu manahodha, wavuvi na mafundi. Nina suala la matanga ambalo naomba nijibiwe na watu wenye ujuzi wa kazi, kwa sababu ushauri ninaoupata hapa kijijini unapingana, na kila mwenye ushauri ana uhakika na anachokisema.

Mashua yangu ina matanga mawili. La kwanza ni la kitambaa kizito cha pamba, limeshonwa hapa hapa Pemba, na kabla ya kutwekwa lilichovywa katika maji ya magome ya mikoko, kwa hiyo rangi yake ni ya hudhurungi inayoelekea wekundu. La pili ni jeupe. Nililinunua likiwa limeshatumika katika mashua ya kitalii ya wageni, tukalikata na kulishona upya ili lifuate foromali yetu (mti unaobeba tanga). Wakati wa masika, chombo kilipopandishwa pwani kwa ajili ya kalafati (kuzibwa nyufa za mbao), matanga yote mawili yaliwekwa katika banda la mabati, yakalazwa juu ya mnyororo wa nanga na pembeni ya pipa la mafuta, na paa likavuja.

Nilipoyakunjua hali ilikuwa hivi. Tanga jeupe lina kutu ya rangi ya chungwa ambayo imechukua umbo la mnyororo kamili, kiasi kwamba unaweza kuzihesabu pingili moja moja, na katikati ya baadhi ya alama hizo kuna punje ngumu zinazokwaruza kidole. Kwenye mikunjo kuna madoadoa meusi ya ukungu. Tanga la pamba halina rangi ya chungwa hata kidogo. Pale lilipogusa chuma limekuwa jeusi tititi. Mbali na hayo, yote mawili yana mabaka ya mafuta, mengine ya dizeli na mengine, kwa harufu yake, ni ya sifa, yaani mafuta ya maini ya papa.

Jirani mmoja ananihimiza nilimwagie jiki, mwingine anasema ndimu na chumvi vinatosha, na wa tatu ananiambia niache kama yalivyo kwa kuwa tanga si kanzu ya Ijumaa. Mimi siogopi sura ya tanga. Ninachokiogopa ni kutumia dawa itakayokula kitambaa, kisha lichanike tukiwa nje ya mwamba na kusi imekaza. Nielekezeni, tafadhali.

Fundi wa Matanga (Nungwi)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Tumbe. Hofu yako ni ya mahali pake, kwa sababu matanga mengi ninayoletewa kutiwa viraka hayakuharibiwa na kutu yenyewe bali na dawa iliyotumiwa kuiondoa. Nitaanza na lile jeupe, ambalo kwa maelezo yako nakisia kuwa ni la poliesta.

Kabla ya dawa yoyote, jua kutu inatoka wapi. Mnyororo umeshaujua, lakini zitazame pia pete za pembe za tanga, waya wowote uliotumiwa kufungia kamba, na misumari iliyochomoza kwenye foromali. Pete ya chuma iliyopakwa zinki ikishaambuka zinki yake, doa utakalolitoa leo litarudi kwa umande wa usiku. Ibadilishe kwa ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, na kama uwezo huo haupo kwa sasa, kitanzi cha kamba kilichofungwa vizuri kinafanya kazi ile ile.

Kisha lioshe tanga zima kwa maji matamu yasiyo ya moto, sabuni ya unga kidogo na brashi laini, uondoe chumvi na vumbi. Kutu iliyofunikwa na chumvi na mafuta haifikiwi na dawa sawasawa. Usilifikiche wala usilikamue. Kitambaa cha poliesta cha matanga hutiwa gundi maalumu kiwandani inayoziba nafasi baina ya nyuzi na kukifanya kishikilie umbo lake katika upepo; ukilifikicha tanga kwa nguvu, au ukalitia katika mashine ya kufulia, gundi hiyo hutoka, na kuanzia hapo tanga hulegea na kutanuka ovyo hata kama limekuwa jeupe.

Dawa ninayoitegemea kwa kutu kwenye poliesta ni asidi oksaliki, zile chembechembe nyeupe ambazo mafundi wa mbao huzitumia kutolea weusi kwenye ubao. Iulizie katika maduka ya rangi na vifaa vya mbao. Pima gramu 50 kwa kila lita ya maji yaliyopashwa moto, lakini yasichemke. Changanyia katika ndoo ya plastiki, kwa sababu ukitumia karai la bati asidi italishambulia karai kabla ya kufika kwenye tanga. Vaa glavu za mpira, funika macho, na usivute vumbi lake. Ni sumu ikiingia tumboni na hudhuru figo, basi isikae karibu na watoto, isitiwe katika chupa ya maji ya kunywa, na maji yake machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Zile punje ngumu ulizozitaja zikwangue kwanza kwa kijiti cha mbao au kipande cha plastiki, si kwa kisu, kwa kuwa kila punje ni ghala dogo la kutu na dawa itaishia juu yake. Kisha kata kitambaa cheupe cha pamba kilicho kipana kuliko doa, kichovye, kilaze juu ya doa na ukifunike kwa karatasi ya nailoni ili kisikauke. Fanya kazi hiyo kivulini. Baada ya dakika 15 hadi 20 inua ncha moja utazame: dawa ikiwa imeshika, rangi ya chungwa huwa imefifia ikawa manjano, na kitambaa ulichokilaza kimechukua rangi ya manjano yenye ukijani ndani yake, nayo ndiyo kutu inayohama. Likibaki, suuza urudie. Usizidishe ukali wa dawa wala usiiache ikalala na tanga usiku kucha ukidhani unajirahisishia.

Kusuuza ndiko watu wengi wanakokufanyia haraka, na ndiko kunakoamua uhai wa tanga. Maji yabadilishwe mara nyingi. Ukitaka kuhakikisha kuwa asidi imetoka, nyunyiza magadi kidogo juu ya sehemu iliyo majimaji. Yakifoka povu, asidi bado imo. Kuwa mwangalifu zaidi kwenye upindo wenye kamba ndani yake, kwa sababu kamba hunyonya dawa na kuitoa polepole siku nyingi baadaye, ikila uzi wa mshono kutoka ndani pasipo mtu kuona.

Kwa tanga la pamba, asidi ina hatari kubwa zaidi, maana ikikaukia ndani ya pamba hukata nyuzi zake. Huko anza na ndimu, lakini kwanza tusikie wengine wanasemaje juu ya huo weusi.

Dobi wa Mjini (Unguja)

Nashukuru kwa maelezo ya fundi. Kazi yangu ni kufua mashuka na vitambaa vya meza vya mahoteli, na kutu tunaiona kila siku kutokana na mabomba na nyaya za kuanikia. Kwenye nguo nyeupe za pamba tunatumia ndimu na chumvi laini: doa linapakwa, linawekwa juani, na linaongezwa maji ya ndimu kila linapoanza kukauka, hadi litoke, kisha nguo inasuuzwa sana. Kwa ukungu tunatumia jiki, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji baridi, na haichukui muda.

Ninalotaka kuuliza ni hili. Tanga la ndugu wa Tumbe lina kutu na ukungu kwa pamoja, na kusuuza tanga zima mara mbili ni kazi ya ndoo nyingi katika mahali ambapo maji matamu hayapatikani kwa urahisi. Je, haiwezekani jiki na hiyo asidi zikatiwa pamoja, kazi ikaisha mara moja?

Maalim wa Kemia (Chake Chake)

Bwana Dobi, nakuomba wewe na nawaomba wote wanaosoma hapa kwamba jambo hilo lisifanywe kabisa, si kwa asidi oksaliki, si kwa ndimu, si kwa siki. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu, na ndani ya banda lisilopitisha upepo inaweza kuua mtu. Hata kuzitumia moja baada ya nyingine juu ya kitambaa kimoja kunahitaji kusuuza kikamilifu katikati. Hapo maji matamu hayana budi kutumika, na hakuna njia ya kuyapunguza.

Nieleze na sababu ya kutotumia jiki kwa kutu, kwa sababu jirani wa ndugu yetu si peke yake anayeamini hivyo. Jiki hufanya kazi kwa kuoksidisha, yaani inaunguza rangi ya doa la ukungu, la chai au la majani mpaka ipauke. Kutu ni chuma ambacho kimeshaoksidika. Hakina rangi iliyobaki kuunguzwa, na jiki inachofanya ni kukitia nguvu kikae pale pale. Zaidi ya hayo, kwenye pamba chuma huchochea ukali wa dawa za kung'arisha mahali hapo kilipo, kwa hiyo mtu anaweza kumwaga jiki juu ya doa la kutu na baada ya kufua mara kadhaa akakuta tundu lenye umbo la doa. Asidi oksaliki na asidi sitriki ya ndimu hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: huushika ule mchanganyiko wa chuma, huuyeyusha, na maji huuchukua. Kwa sababu hiyo utaratibu ni kutu kwanza, kusuuza mpaka magadi yasifoke, kisha ndipo ukungu.

Kuhusu ukungu kwenye poliesta, kipimo alichokitaja Bwana Dobi kinafaa, maji yakiwa baridi. Lakini kwenye nailoni jiki haitakiwi hata tone, maana huivunja nailoni, na asidi nayo si rafiki yake. Kama mtu ana tanga la nailoni, lile jepesi la rangi rangi ambalo mashua za kitalii hulitumia katika upepo wa nyuma, alioshe kwa sabuni tu na akubali kuishi na doa. Tanga lililogandishwa kwa tabaka za plastiki nalo lisitiwe dawa hizi, kwa kuwa hupenya baina ya tabaka na kuzibandua.

Kutambua kitambaa si vigumu. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, ushike kwa koleo, uuwashe mbali na mafuta. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka karatasi inayoungua na huacha jivu jepesi linalosagika. Poliesta huyeyuka huku ikitoa moshi mweusi, na ncha yake ikipoa huwa kishanga kigumu cheusi. Nailoni nayo huyeyuka, lakini moshi wake ni mdogo na kishanga chake huwa cha rangi hafifu.

Sasa juu ya maji, jambo ambalo sijaona likizungumzwa na ambalo kwa visiwa vyetu lina uzito mkubwa. Visiwa vyetu vina mawe mengi ya chokaa, na maji ya visima vya pwani mara nyingi hubeba kalsiamu nyingi. Ndiyo maana sabuni haitoi povu kwa urahisi. Asidi oksaliki ikikutana na kalsiamu hutengeneza unga mweupe usioyeyuka. Ukichanganya dawa yako kwa maji ya kisima ukayaona yamekuwa na ukungu wa maziwa, jua kwamba sehemu ya asidi imeshapotea bure, na unga huo utakaa baina ya nyuzi za tanga. Maji ya bahari ni mabaya zaidi kwa jambo hili. Tumia maji ya mvua kuchanganyia dawa na kwa masuuzo mawili ya mwanzo; baada ya hapo hata ya kisima yanafaa.

Na kwa yule asiyepata chembechembe za dukani, asisahau kwamba tuna miti ya mbirimbi katika nyua zetu. Uchachu ule mkali wa birimbi unatokana kwa sehemu kubwa na asidi oksaliki yenyewe, na ndiyo maana bibi zetu waliitumia kusugulia visu na vyombo vya shaba pamoja na kuitia katika achari. Pasua birimbi lililoiva, lisugue juu ya doa, liache muda mfupi huku likiwa na unyevu, kisha suuza. Nguvu yake haipimiki kama ya dukani, lakini kwa madoa mapya ya kutu kwenye kitambaa cheupe matokeo yake ni mazuri. Masharti ya kusuuza yanabaki yale yale, kwa sababu asidi ya tunda ni asidi.

Mwenye Mashua (Tumbe, Pemba)

Maalim, Fundi na Bwana Dobi, nawashukuru kwa dhati. Nimechoma uzi kama nilivyoelekezwa: tanga jeupe limetoa moshi mweusi na kishanga kigumu, kwa hiyo ni poliesta kama Fundi alivyokisia. Maji ya mvua ninayo ya kutosha katika simtangi.

Limebaki tanga la pamba na weusi wake, pamoja na mafuta. Je, ule weusi ni kutu au ni ukungu? Na ikiwa ni kutu, mbona hauna rangi ya kutu?

Nahodha Mstaafu (Kizimkazi)

Mwanangu wa Tumbe, huo ni kutu. Tanga lililochovywa magome halionyeshi kutu kwa rangi ya chungwa, kwa sababu dawa ya magome na chuma vikikutana huzaa weusi. Maalim atanisahihisha kama nimekosea, lakini najua kuwa hata wino wa kuandikia wa zamani ulitengenezwa kwa kuchanganya chuma na dawa ya magome au ya vivimbe vya miti. Ulichonacho kwenye tanga lako ni wino, na ndiyo maana umezama ndani ya nyuzi.

Hapa nakuomba ufikiri kabla ya kuondoa chochote. Magome ya mkoko na mkandaa hayakutiwa kwenye tanga kwa ajili ya uzuri. Pamba ni chakula cha ukungu, si kitu ambacho ukungu hukaa juu yake tu kama kwenye poliesta, na ile dawa ya magome ndiyo inayouzuia usiile haraka. Ndimu au asidi oksaliki itautoa weusi, ndiyo, lakini itauchukua pamoja na rangi ya magome, na utabaki na baka lililopauka ambalo halina kinga. Jiki itafanya vibaya zaidi. Hata magadi na sabuni kali hubadilisha rangi ya magome na kuyatoa kidogo kidogo, basi tanga la namna hii lioshwe kwa maji matamu na sabuni kidogo isiyo kali, ya mche au ya maji, wala usiyatie yale magadi ya kupimia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba weusi uliopo mahali ambapo kitambaa bado ni imara, uache. Haukui, mradi chuma hakipo tena. Lakini kama kwa sababu yoyote umeamua kuutoa, basi kubali kulichovya tanga zima upya baada ya kulisuuza na kulikausha. Magome yatoke kwenye miti iliyokatwa kwa ruhusa, kwa kuwa mikoko yetu inalindwa na ina haki ya kulindwa. Ndiyo mazalia ya samaki na kamba tunaowategemea. Na jambo moja ambalo vijana hawaambiwi: magome yasichemshwe katika pipa la chuma. Ukifanya hivyo maji yote yatakuwa meusi kwa sababu ile ile, na utalipaka tanga lako kutu kuanzia juu hadi chini. Tumia sufuria kubwa la alumini, au chungu kama unacho. Yachemshe, yaache yapoe, ndipo ulitie tanga, lilowe vizuri, kisha lianikwe likiwa limetandazwa, si likiwa limekunjwa juu ya kamba, ili rangi isijikusanye kwenye mikunjo.

Kuhusu mafuta, dizeli na sifa hazifanani. Sifa ni mafuta ya mnyama, na ikiachwa ikapigwa jua hubadilika ikawa gundi ya manjano ambayo haisikii sabuni. Ndiyo maana mafuta yatangulie kutolewa kabla ya kuanika. Kwenye baka bichi nyunyiza unga wa chaki au unga wowote mkavu unyonye, ukung'ute, urudie. Kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya baka likiwa kavu, kabla ya kutia maji, uisugue kwa vidole taratibu, uiache kidogo, ndipo uoshe kwa maji vuguvugu. Poliesta huyapenda mafuta na huyashikilia kuliko pamba, kwa hiyo kwenye tanga jeupe utarudia zaidi. Kwa dizeli iliyokauka, kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo hulegeza, lakini lazima sabuni ifuate mara moja, na moto uwe mbali.

Damu ya samaki na vumba ni kinyume cha mafuta: maji baridi kwanza, hata ya bahari, wala yasiwe ya moto, kwa sababu moto huigandisha damu ndani ya kitambaa.

Maalim wa Kemia (Chake Chake)

Nahodha hakukosea. Niongeze tu kwamba ndiyo sababu nyingine ya kutomwaga maji yenye kutu ya tanga jeupe juu ya lile la pamba wakati wa kufua. Fueni kila moja mahali pake.

Dobi wa Mjini (Unguja)

Nimefahamu, Maalim, na nitawaambia wenzangu kazini kuhusu jiki na ndimu, maana vyote viwili huwekwa katika rafu moja.

Fundi wa Matanga (Nungwi)

Maneno ya Nahodha nayaunga mkono, na nataka nimalizie na kitambaa chenyewe, kwa sababu doa likishatoka watu hudhani kazi imekwisha.

Kutu haipaki rangi tu. Kwenye pamba hasa, mahali palipokaa chuma chenye unyevu kwa muda nyuzi huwa zimeshakauka na kukatikakatika, na mara nyingine ni kutu yenyewe iliyokuwa ikizishikilia. Ukishaitoa, udhaifu ndio unaonekana. Kabla ya kulitweka, chukua sindano ya tanga, ichome karibu na mahali pa doa, uiegemeze pembeni kwa nguvu ya kidole kimoja. Kitambaa kizima kitakataa na tundu litabaki tundu. Kilichokwisha kitachanika kufuata uzi kwa sauti ndogo kavu, na hapo hakuna dawa isipokuwa kiraka. Fanya hivyo kwenye kila alama ya pingili, na kwenye tanga la pamba fanya hivyo hata pale ulipoamua kuuacha weusi.

Kiraka kivuke doa mpaka kwenye kitambaa kisichotiliwa shaka, nyuzi zake zilale sambamba na nyuzi za tanga, na kiwe cha kitambaa cha aina ile ile. Pamba ikilowa hujivuta na poliesta haijivuti. Ukivishona pamoja mmoja atamvuta mwenzake na mshono utafunguka. Kingo za kiraka zikunjwe na zishonwe pande zote mbili.

Madoa ya kijani utakayoyaona baadaye ukitia pete za shaba ni kutu ya shaba, nayo hutoka kwa ndimu au siki bila ya taabu kubwa, mradi usuuze.

Kuhusu kuhifadhi, jenga chanja ya mbao ndani ya banda, iliyofungwa kwa kamba na si kwa misumari, iinuke kutoka sakafuni na isiwe chini ya tundu la bati. Tanga lioshwe chumvi kabla ya kuwekwa, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewani na tanga lenye chumvi halikauki kamwe wakati wa masika. Likaushwe kivulini penye upepo. Jua kali huua ukungu, lakini huila poliesta na uzi wake, na tanga linaloanikwa juani kila siku huzeeka likiwa pwani. Likunjwe kwa kulegea, na mikunjo ibadilishwe mahali kila baada ya muda. Siku za jua katikati ya mvua lifunguliwe lipate hewa.

Ukiona shaka kwenye sehemu yoyote baada ya kipimo cha sindano, anza kutia viraka kwenye pembe ya demani, yaani ile inayofungwa kamba ya kulivutia tanga, kabla ya kwingine kote, kwa sababu hapo ndipo upepo unapoweka uzito wake, na siku ya kwanza litwekwe ndani ya mwamba katika upepo mdogo, ulitazame likiwa limejaa kabla ya kutoka nje.